TUNDU DOGO KIFUANI NA NJIA NDEFU YA GAIRO

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akiisha kuipita Dumila na kuyaacha nyuma mashamba ya bondeni, hupanda vilima hata akafika Gairo, mji uliokaa katikati ya safari. Hapo upepo hauna adabu; huliinua vumbi la njiani na kulitia katika chai ya mtu. Malori husimama, matingo hushuka kugonga magurudumu, abiria hunyoosha miguu, kisha kila mtu huendelea na safari yake. Wengi wetu twaijua Gairo kwa dirisha la basi tu.

Hivi karibuni sisi tulishuka. Gari letu liliharibika, tukawa hatuna budi kungoja, nasi tukaingia katika mkahawa ulio kando ya njia. Katika benchi moja tulimkuta mzee, mkulima wa upande wa Chakwale. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayehesabu pumzi zake. Alipoinama kuiokota fimbo yake shati lilipanda, nasi tukaona kovu. Lilianza karibu na uti wa mgongo, likapita chini ya mfupa wa bega, likazunguka ubavu hata likakaribia chuchu. Mzee alituona tulivyotazama, akacheka.

“Hapo ndipo nilipofunguliwa kama mlango wa ghala,” alisema.

Alitueleza habari yake bila ya kumlaumu mtu. Miaka mingi iliyopita alishikwa na kichomi. Akanywa dawa za miti, akanunua vidonge dukani, akaenda zahanati, akarudi nyumbani. Homa ikatulia, ikarudi. Mwezi ukapita, na wa pili ukaanza. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, ubavu wake wa kuume ulikuwa umejaa usaha, na usaha wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa kama ngozi ya ng'ombe, umelibana pafu lisiweze kujaza pumzi. Waganga wakampasua, wakazitanua mbavu, wakaimenya ile ngozi, naye akapona.

“Mimi nilipona,” akasema mzee, “ila jembe langu lilikufa.”

Misimu miwili ya mvua hakuweza kulima. Mkono wa kuume haukupanda juu ya bega, na kila alipokohoa aliona kama kisu kinarudi mahali pake. Mbuzi wakauzwa, na mtoto mkubwa akaacha shule akashike shamba.

Tulimwambia kwamba siku hizi waganga waweza kufanya kazi kama ile kwa matundu mawili matatu, kila moja lisilozidi upana wa kidole, wakitazama ndani kwa kamera ndogo. Kijana mmoja, utingo wa lori, aliyekuwa akisikiliza, alisema: “Babu, usiwasikilize hawa. Hayo ni mambo ya wakubwa wa mjini. Sisi wa Gairo tutapasuliwa kwa shoka.” Watu wakacheka. Lakini mzee hakucheka, wala sisi hatukucheka. Maana neno la kijana yule lilikuwa swali, nalo ni swali linalostahili jibu. Je, upasuaji wa matundu madogo ni anasa ya wenye nacho, au ni haki ya mtu aishiye kwa nguvu za mikono yake? Leo twataka kujaribu kulijibu.

KIFUA NI SANDUKU LA MIFUPA

Yafaa kwanza tufahamu ni kwa nini upasuaji wa kifua huogopwa. Tumbo ni mfuko laini. Mganga akiisha kulipasua hupata nafasi ya kutia mikono. Kifua sivyo. Mwenyezi Mungu alivihifadhi moyo na mapafu ndani ya sanduku la mifupa, jozi 12 za mbavu, na kati ya ubavu na ubavu hakuna nafasi ya kupitisha mkono wa mtu mzima. Kwa hiyo katika upasuaji wa zamani mganga hukata ngozi na misuli mikubwa ya mgongo na bega, kisha hutia chombo cha chuma kati ya mbavu mbili na kukizungusha pole pole mpaka zitanuke. Mara nyingine ubavu huvunjika.

Na chini ya kila ubavu hupita mshipa wa fahamu. Chuma kile kikitanua mbavu huubana mshipa huo, na mshipa uliobanwa hukumbuka. Ndiyo maana baadhi ya watu waliopasuliwa kifua hubaki na maumivu kwa miezi, wengine kwa miaka, ingawa jeraha la nje limekwisha kufunga vizuri. Tena maumivu hayo si jambo la kuvumiliwa tu kwa ushujaa. Mgonjwa aumwaye ubavu haogopi kulia, huogopa kukohoa. Asipokohoa, makohozi hukaa chini ya pafu, yakikaa huoza, na hapo nimonia humshika mtu aliyekwisha kupona ugonjwa wa kwanza.

Katika njia mpya mambo huwa hivi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, na mtaalamu wa nusukaputi humtia kooni mrija wenye njia mbili, kila njia ikielekea pafu lake. Pafu la upande wa kazi hufungiwa hewa, likanywea kama kibofu cha mpira kilichotobolewa, na pafu la pili hupumua kwa ajili ya mwili wote. Sasa ndani ya sanduku pamepatikana nafasi. Mganga hutoboa tundu moja, akapitisha kamera nyembamba yenye taa. Akatoboa la pili na la tatu kwa ajili ya vyombo virefu vya kushikia na kukatia. Hazitanui mbavu. Yeye na wenzake hutazama kioo cha televisheni, na humo huona ndani ya kifua kwa ukubwa na mwanga ambao macho matupu hayawezi kuupata. Kazi ikiisha, pafu hujazwa hewa tena, na katika tundu moja huachwa mrija uendao katika chupa yenye maji, ili hewa na damu zitoke, wala hewa ya nje isirudi ndani.

HABARI ILIANZA STOCKHOLM

Wako wadhanio kwamba jambo hili lilizaliwa jana pamoja na kompyuta. Sivyo. Baba yake aliyejulikana zaidi ni Hans Christian Jacobaeus, wa Stockholm katika nchi ya Uswidi, ambaye mwaka 1910 alitangaza kwamba amechungulia ndani ya kifua cha mtu aliye hai kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo. Wala hakuwa mpasuaji. Alikuwa mganga wa maradhi ya ndani, aliyekuwa na shauku ya kuona kile ambacho wenzake walikikisia kwa kugonga kifua na kutega sikio.

Na ni ugonjwa gani uliomsukuma? Ni kifua kikuu, adui tumjuaye sana sisi. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua kijidudu chake, ingawa Robert Koch alikuwa amekwisha kukitambua tangu mwaka 1882. Waganga walifuata njia ya Mwitalia Carlo Forlanini, ya kutia hewa kati ya pafu na ubavu, ili pafu lililooza linywee, lipumzike na kupata nafasi ya kupona. Lakini mara nyingi pafu lilikuwa limeshikamana na ubavu kwa kamba za makovu, likakataa kunywea. Jacobaeus alianza mnamo mwaka 1913 kuzikata kamba hizo kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, akitazama kwa chombo chake kupitia tundu dogo. Njia hiyo ilienea katika hospitali za kifua kikuu za Ulaya na Marekani.

Katika zama hizo hizo, mwaka 1926, ilianzishwa hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro. Katika zama zile zisizokuwa na dawa, silaha kubwa za mgonjwa zilikuwa kitanda, hewa safi na chakula. Kisha ikaja mwaka 1943, dawa ya streptomaisini ikagunduliwa huko Marekani, na nyingine zikaifuata. Kamba za makovu hazikuhitaji kukatwa tena. Vidonge na sindano vilifanya kazi. Chombo cha Jacobaeus kikawekwa kabatini, hata vijana wengi waliosomea uganga wakamaliza masomo yao wasikione.

Kilirudi katika miaka ya 1990 mwanzoni, baada ya mafundi kutengeneza kamera ndogo za kushikamana nacho, hata kile alichokiona mmoja kikaweza kuonwa na wote waliomo chumbani. Huko Milano katika Italia, Giancarlo Roviaro na wenzake mwaka 1991 waliondoa sehemu nzima ya pafu kwa njia hiyo. Mwaka 2010, katika mji wa La Coruña, Hispania, Diego Gonzalez-Rivas alifanya kazi ya namna hiyo kwa tundu moja tu. Basi, kutoka mtu mmoja kuchungulia kwa jicho moja hata kundi zima kutazama kioo, imechukua takriban miaka 80.

Msomaji aweza kuuliza: hayo ni majisifu ya waganga, au yamepimwa? Yamepimwa. Huko Odense katika Denmark, wagonjwa 206 wa saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo waligawanywa kwa kura, nusu wakapasuliwa kwa kamera na nusu kwa njia ya kale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Katika siku ya kwanza, waliokuwa na maumivu ya kusumbua walikuwa 38 katika kila 100 wa kamera, na 63 katika kila 100 wa njia ya kale. Na kwa mwaka mzima wale wa kamera walikuwa na hali bora zaidi ya maisha. Huko Uingereza, hospitali 9 ziliwapima wagonjwa 503, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya majuma matano wale wa kamera walikuwa na nguvu zaidi za kufanya kazi zao za kila siku, na madhara ya hospitalini yaliwapata wachache zaidi.

Twaomba wasomaji wetu walitazame neno hilo, nguvu za kufanya kazi. Karani aliyepasuliwa kifua huweza kurudi mezani pake akashika kalamu huku ubavu ukimwuma. Mkulima wa Chakwale hawezi kurudi kwenye jembe. Mpagazi hawezi kurudi kwenye gunia, wala utingo hawezi kupanda juu ya lori kufunga turubai. Tajiri ana fedha benki na nyumba za kupanga. Mtu wa kazi ana mabega. Kumkata mabega ni kumnyang'anya mtaji. Kwa hiyo hoja ya kwamba tundu dogo ni la wakubwa imesimama kichwa chini. Kama kuna mtu ambaye ukubwa wa jeraha ni jambo la kufa na kupona kwa jamaa yake, mtu huyo ni mzee wetu wa Gairo.

HOSPITALI INAPOANZA

Lakini tusidanganyane. Kununua kamera si kuanza upasuaji, kama vile kununua trekta si kulima. Mambo ambayo hospitali hujifunza katika miaka ya kwanza ya kazi hii yafanana popote, nasi twaona yafaa wananchi wayajue, ili wajue la kuuliza wanapoonyeshwa mashine mpya inayong'aa.

Jambo la kwanza ni kuanza na kazi nyepesi. Hospitali yenye busara haianzi kwa kuondoa pafu. Huanza kwa kutoa maji yaliyojaa ubavuni na kukata kipande kidogo cha utando ili kipimwe kama ni kifua kikuu au saratani. Kisha huosha usaha ambao haujaganda, na kutoa damu iliyogandamana baada ya ajali. Mkono ukizoea ndipo huendea makubwa. Haraka haraka haina baraka, na katika kifua haraka huwa na msiba, maana mishipa mikubwa ya damu iko umbali wa unene wa kidole.

Jambo la pili ni kutoona haya kurudi katika njia ya kale. Yatokea kwamba mganga akiisha kutia kamera huona makovu yameshikamana kila mahali, au damu inatoka asiione chemchemi yake. Hapo mganga mwema hukifungua kifua kwa njia ya zamani bila ya kusitasita. Huko si kushindwa, ni kumhifadhi mgonjwa. Hospitali inayosema kwamba haijapata kurudi nyuma hata mara moja, basi ama huchagua wagonjwa wepesi tu, ama haisemi kweli yote.

Jambo la tatu ni kwamba mpasuaji hafanyi kazi peke yake. Bila ya mtaalamu wa nusukaputi ajuaye kulilaza pafu moja na kuliamsha, hakuna upasuaji. Bila ya muuguzi ajuaye kuvipanga vyombo vile virefu, kuviosha na kuviua wadudu pasipo kuviharibu, kamera hufa kabla ya mwaka. Bila ya fundi, taa ikizima hakuna wa kuiwasha. Na bila ya umeme wa akiba, televisheni huzimika wakati chombo kingali ndani ya kifua cha mtu. Tena bila ya mtu wa kumsimamia mgonjwa kesho yake, kumwinua kitandani na kumfundisha kupumua kwa nguvu, faida yote ya tundu dogo hupotea.

Jambo la nne ni daftari. Kila mgonjwa aandikwe: alikuja lini, alitokea wapi, alikuwa na nini, alifanyiwa nini, alikaa siku ngapi, alirudi na nini. Hospitali isiyohesabu makosa yake huyarudia.

Sisi katika nchi hii hatuanzi na mikono mitupu. Zamani wagonjwa wetu wengi wa moyo walisafirishwa hata India, na wasiopata nafasi walingojea majaliwa. Mwaka 2008 upasuaji wa kuufungua moyo ulianza kufanyika Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama mahali hapo hapo. Mwaka 2017 figo ilipandikizwa Muhimbili, na mwaka 2018 kazi hiyo hiyo ikafanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako mtu wa Gairo hufika kwa safari ya saa chache. Chuo cha wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, huwafundisha vijana wetu upasuaji katika hospitali za kwetu wenyewe. Kila mara jambo kama hilo lilipotajwa kwa mara ya kwanza, palitokea mtu wa kusema kwamba hayo ni ya Wazungu na Wahindi. Kila mara tumeona kwamba ni ya yeyote atakayejifunza.

TUNDU LAFUNGULIWA KIJIJINI

Sasa tufike katika kiini cha maneno yetu, jambo ambalo yule utingo hakulijua, na ambalo sisi wenyewe hatukulijua mpaka tulipoelezwa. Tundu dogo si la kila mtu. Ni la mtu aliyewahi.

Usaha wa kifuani una majira matatu. Mwanzoni, katika siku chache za kwanza, ni maji tu, mepesi, na mrija mmoja uliotiwa ubavuni pamoja na dawa nzuri huweza kuyamaliza. Kisha huja majira ya pili, usaha unapokuwa mzito na kufanya vijumba vijumba kama sega la nyuki. Hapo ndipo kamera ina kazi yake: mganga huvunja vijumba vile, huosha, huacha mrija, na pafu hujaa tena. Baada ya majuma kadhaa huja majira ya tatu, ile ngozi ya ng'ombe aliyotueleza mzee. Hapo mara nyingi kamera haifai tena. Hapo ni mlango wa ghala.

Basi tazameni, ndugu wasomaji. Ukubwa wa jeraha la mzee yule haukuamuliwa na mganga aliyemkata. Uliamuliwa katika yale majuma sita au saba aliyoyapitisha kati ya nyumba, duka na zahanati. Kisu kilikuwa mjini, lakini urefu wa kovu ulipimwa kijijini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walisema kweli hata kwa habari ya kifua cha mwanadamu.

Kwa hiyo hospitali ya mjini itakayonunua kamera pasipo kuutazama mwanzo wa njia itawapata wagonjwa wa majira ya tatu kila siku, na mashine yake itakaa bila ya kazi. Upasuaji wa kisasa wa Dodoma au Dar es Salaam hauanzii Dodoma wala Dar es Salaam. Huanzia Nongwe na Mandege, kule milimani, wakati mvua zimeziharibu njia na mtu mwenye homa ya siku tano hana budi kuteremshwa kwa miguu au kwa pikipiki. Huanzia katika zahanati ambamo mganga husikiliza kifua kwa makini, akasema, “Upande huu hauna sauti; huyu apigwe picha leo.”

Wala tusisahau barabara. Gairo imekaa juu ya njia kuu, na njia hiyo humletea mwananchi bidhaa, lakini pia humletea ajali. Usukani ukimpiga dereva kifuani, mbavu huvunjika na damu huingia ubavuni. Wengi wa watu hao hawahitaji kupasuliwa hata kidogo. Wahitaji mrija mmoja na chupa ya maji, utiwe mapema na mtu aliyefundishwa. Hilo ndilo tundu dogo la kwanza na la bei nafuu kuliko yote. Lisipotobolewa kwa wakati, damu huganda, na kilichokuwa kazi ya nusu saa hugeuka kuwa safari ya kwenda kupasuliwa.

JE, NI ANASA?

Wako wenzetu wasemao kwa nia njema: nchi ambayo bado inapigana na malaria na vifo vya wazazi haifai kununua kamera za kifua. Twaiheshimu hoja hiyo, maana fedha ni chache, na mwenye shati moja hanunui tai. Tena twakubali kwamba kuna mpango wa mambo. Wilaya isiyokuwa na hewa ya oksijeni ya kuaminika, picha ya eksirei na mrija wa kifua, haina haja ya kuota televisheni. Kwanza hayo.

Lakini hatukubali kwamba mtu wa vijijini achague kati ya zahanati nzuri na hospitali kubwa nzuri, kana kwamba ni maadui. Tumekwisha kueleza ya kwamba moja bila ya nyingine hupoteza kazi yake. Tena tukihesabu gharama, tuhesabu zote. Chombo cha kamera ni ghali, ndiyo. Na kitanda kinachokaliwa siku nyingi ni ghali. Misimu miwili bila ya mavuno ni ghali. Mtoto aliyeacha shule ni ghali kuliko vyote, nayo gharama hiyo haiandikwi katika hati yoyote ya hospitali.

Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa jarida la uganga la Lancet lilitangaza kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa bei waiwezayo. Bila shaka wengi wao ni wakulima na wafanyakazi. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria ni mbegu. Mbegu hupimwa kwa mavuno, nasi tutayapima mavuno yake kwa jambo moja rahisi: je, mtu wa Chakwale akiambiwa ana maji ubavuni, ataenda Dodoma kesho, au ataenda kwanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi?

LA KUFANYA

Nchi yetu ina sifa moja ambayo aghalabu twaisahau. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na Karel Styblo, mganga aliyezaliwa Chekoslovakia, alifanya kazi pamoja na waganga wetu kutengeneza utaratibu wa kumfuata mgonjwa mmoja mmoja mpaka amalize dawa. Utaratibu huo, uliojaribiwa katika wilaya zetu wenyewe, ulichukuliwa na Shirika la Afya la Dunia katika miaka ya 1990 na kuenezwa ulimwenguni. Nguvu yake haikuwa mashine. Ilikuwa daftari, mtu wa kuliandika, na mtu wa kwenda nyumbani kwa mgonjwa asiyeonekana. Hata hivyo vita haijaisha: katika orodha ya shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ya miaka 2021 hadi 2025, Tanzania imo.

Tulilolifanya kwa kifua kikuu twaweza kulifanya kwa kifua chote. Viongozi wa matawi na wajumbe wa nyumba kumi wanajua nani anakohoa. Mtu akikohoa majuma mawili, apelekwe akapimwe. Mtu akiwa na kichomi na homa isiyoshuka baada ya siku chache za dawa, asiambiwe avumilie, atafutiwe picha. Vyama vya wafanyakazi viulize katika kila mahali pa kazi kama mtu aliyepasuliwa atapewa kazi nyepesi mpaka apate nguvu, au ataambiwa abebe gunia siku ya kwanza. Halmashauri ziulize habari ya mrija wa kifua kabla ya kuuliza habari ya rangi ya jengo. Nao waganga wetu wa hospitali kubwa, wanapoanza kazi hii mpya, wawafundishe wenzao wa wilayani dalili za mapema, kwa sababu hao ndio watakaowaletea mgonjwa wakati tundu dogo bado lafaa.

Gari letu lilitengenezwa jua likielekea kushuka. Tulimwaga mzee, tukamwuliza kama ana neno la kuwaambia wasomaji wetu. Alifikiri kidogo, akamtazama yule utingo aliyekuwa akipanda lori, akasema: “Mwambieni huyo mjukuu wangu, siku akichomwa ubavuni asikae kiume kama mimi. Aende siku ile ile.”

Kisha akashika fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akaanza kutembea polepole kuelekea njia ya Chakwale.